Barua ya wazi: Tusikilize wanyama wa katuni wanavyosema

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa; kwa Bodi ya Filamu Tanzania na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa; kwa Shirika la Utangazaji Tanzania; na kwa wakuu wa vyuo vinavyofundisha uhuishaji, filamu na Kiswahili.

YAH: NAFASI YA SAUTI KATIKA FILAMU ZA KATUNI ZA WATOTO

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu wa fasihi simulizi. Nimezaliwa Ugogo, nimesoma hapa na ninafundisha hapa. Nawaandikia kuomba jambo moja: kila mnapopanga fedha, mitaala na kanuni za filamu za katuni, sauti ipewe nafasi yake tangu siku ya kwanza. Mijadala ya tasnia hii ninayoisikia huanzia kwenye kompyuta na kuishia kwenye kompyuta. Tunazungumzia uwezo wa mashine, leseni za programu, kasi ya intaneti. Yote hayo yanahitajika. Lakini sijasikia mtu akiuliza mnyama wetu atasema kwa sauti ya nani, kwa lafudhi ya wapi, atatembea kwa ngoma ipi, na mwenye ngoma hiyo atalipwa nini.

Wanazuoni wa filamu wamelishughulikia suala hili kwa miaka mingi, na waliyoyaona yanatuhusu. Mfaransa Michel Chion, ambaye pia ni mtunzi wa muziki, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba sauti haikai pembeni ya picha kama pambo. Inaingia ndani ya picha na kugeuza kile tunachoamini tumekiona, nasi tunabaki tukidhani maana yote imetoka machoni. Alieleza pia jinsi ubongo unavyofunga pamoja sauti na tendo vikitokea kwa wakati mmoja, hata kama havina uhusiano wowote. Ndiyo maana fundi anagonganisha vifuu vya nazi na mtazamaji anasikia kwato za farasi. Katika filamu ya watu halisi, angalau kamera imenasa kitu kilichokuwepo. Kwenye katuni hapakuwa na kitu. Mnyama aliyechorwa hana koo wala mapafu, na uzito wake, umri wake, hofu yake na nia yake, kwa sehemu kubwa, tunavipata kwa masikio.

Nililiona hilo darasani. Vijana wawili wanaosomea uhuishaji waliniletea kipande kifupi walichokichora wenyewe: jioni, fisi anatembea kuelekea kwenye tembe, anasimama, anainua pua, anaendelea na safari. Basi. Niliwaonyesha watoto wa mkondo mmoja wa darasa la tano kikiwa na ngoma nzito na kicheko cha fisi, nikawauliza huyu anataka nini. Mikono ikapanda: anakuja kuiba mbuzi, ametumwa na mchawi, atamla bibi. Mkondo wa pili wakaona picha zile zile, safari hii kukiwa na zeze linalopigwa polepole na pumzi za mnyama aliyechoka. Hao wakasema amepotea, anamtafuta mtoto wake, ana njaa ila anaogopa watu. Binti mmoja akataka kujua kama fisi huwa anatoka machozi. Hakuna mstari hata mmoja wa mchoro uliobadilishwa.

Nimemchagua fisi kwa makusudi. Hapa kanda ya kati fisi si mnyama wa kwenye vitabu tu. Watu wanamsikia usiku, wanamhusisha na uchawi, na kuna mahali anauawa kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wetu wa mjini, ambao hawajawahi kumwona, wamemjua kupitia The Lion King ya mwaka 1994. Humo simba ana sauti nzito ya kifalme, ya James Earl Jones. Kati ya fisi watatu wakuu, wawili wanaozungumza kwa maneno walipewa sauti za Whoopi Goldberg na Cheech Marin, Mmarekani mweusi na Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, na wa tatu alipewa kicheko kitupu. Wahakiki wa Marekani walilihoji hilo mapema: kwa nini wanaokaa gizani, nje ya mpaka wa ufalme, ndio wasikike kama watu wa mitaa ya wanyonge wa mjini?

Wakati huo ukweli kuhusu fisi ulikuwa umeshaandikwa, tena kwa utafiti uliofanyika katika ardhi yetu. Hans Kruuk, Mholanzi, aliwafuatilia fisi madoa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972. Alionyesha kwamba fisi ni mwindaji, kwamba sehemu kubwa ya chakula chake anaiua mwenyewe, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kula windo lililoangushwa na fisi. Ukoo wa fisi huongozwa na majike. Kile tunachokiita kicheko hutoka zaidi kwa fisi anayefukuzwa au anayezongwa na wenzake kwenye mzoga. Mlio wake wa kuitana ni mwingine kabisa, mrefu, unaoanzia chini na kupanda mwishoni, unaosikika kilomita kadhaa, na wenzake humtambua nani anaita. Hebu fikirieni filamu ya watoto iliyojengwa juu ya mlio huo: mama anaita usiku katika nyika ya Bahi, na mtoto aliyepotea anaitambua sauti yake kati ya sauti nyingi. Hadithi yote ipo hapo, na ni ya kweli.

Ngano zetu nazo hazikumtendea haki fisi. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi na mjinga, na ndivyo tulivyofundishwa sote. Hata hivyo, ngano inayosimuliwa kwa mdomo ina kinga ambayo filamu haina. Msimulizi anambania fisi sauti puani, anamwimbia wimbo wake, na watoto wanaitikia. Kwa muda ule wa kuitikia, kila mtoto anakuwa fisi. Anaonja njaa ya fisi kwa koo lake mwenyewe. Kwenye skrini mtoto haitikii. Anapokea sauti iliyokwisha kuamuliwa na watu asiowajua, na hukumu imo ndani yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya ngano na katuni, kubwa kuliko suala la picha, na ndiyo inayonifanya nidai tuwe waangalifu zaidi tunapohamisha ngano kwenda kwenye filamu.

Mwingereza Paul Wells, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu wanyama wa katuni, anaonyesha kwamba mnyama huyo hatulii mahali pamoja. Dakika hii ni mnyama, dakika inayofuata ni mtu, mara ni vyote viwili. Kwa kuwa hatulii, mtunzi anaweza kusema kupitia kwake mambo ya ukabila, jinsia na madaraka ambayo asingethubutu kuyasema kupitia mtu. Hapo ndipo penye nguvu, na ndipo penye hatari. Mwaka 1997, mwanaisimu Rosina Lippi-Green alichapisha uchunguzi wa filamu 24 za katuni za Disney zenye wahusika 371, akisikiliza nani anazungumza kwa lafudhi gani. Aliona kwamba wenye lafudhi za kigeni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa waovu kuliko wanaozungumza Kiingereza cha kawaida cha Marekani. Watoto, alisema, wanafundishwa kubagua kwa masikio kabla hawajajua kusoma.

Sasa tugeukie kwetu. Ni nani hapa nchini asiyejua mhusika mlinzi wa getini, ombaomba au mshamba wa kwenye vichekesho anapewa lafudhi ya wapi? Mara nyingi ni Kigogo. Zikiisha za Kigogo huja za makabila mengine ya bara na ya kusini. Mhusika mwerevu, mpenzi, daktari, mwanasheria, huyo anazungumza Kiswahili cha Dar es Salaam. Nina wanafunzi hapa Dodoma, watoto wenye akili nzuri, ambao wakisimama kusoma kwa sauti mbele ya mgeni wanabadilisha matamshi yao kwa hofu ya kuchekwa. Tukianza kutengeneza katuni kwa wingi tukiwa na tabia hiyo mifukoni, kobe mwenye busara atasema kama mtangazaji wa redio na fisi mjinga atasema kama babu yangu. Hakuna atakayekuwa amepanga hivyo. Itatokea kwa mazoea tu, na watoto wa miaka minne watajifunza.

Bodi ya Filamu inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Sitaki mpige marufuku lafudhi yoyote. Ninataka kinyume chake: lafudhi zote zisikike, na zigawiwe kwa haki. Mnapokagua filamu ya watoto, kaeni pia mkaisikilize skrini ikiwa imezimwa. Andikeni nani anasikika mwerevu na nani anasikika mpumbavu, kisha mrudishieni mtayarishaji maoni hayo. Zoezi hilo halihitaji sheria mpya.

Tanzania ina historia yake katika kutia sauti kwenye filamu, na inafaa iheshimiwe. Katika mabanda ya video, wakalimani walizigeuza filamu za kigeni kuwa za Kiswahili kwa sauti ya mtu mmoja, na marehemu Lufufu alijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Hakuwa akitafsiri tu. Alifafanua, aliongeza, alimkemea mhusika, aliwaonya watazamaji. Wanazuoni wa nje wameandika kuhusu sanaa hiyo. Ingefaa sisi nasi tuifundishe vyuoni, maana mkalimani wa banda la video alirudisha kwenye skrini ule uhusiano wa msimulizi na hadhira ambao nimeueleza hapo juu.

Nigusie kidogo historia ya upande wa pili. Tarehe 18 Novemba 1928, Steamboat Willie ilionyeshwa New York. Haikuwa katuni ya kwanza kuwa na sauti, lakini ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba muziki na mchoro vinaweza kwenda sambamba hatua kwa hatua. Na wanyama walifanywa nini humo? Walifanywa vyombo vya muziki. Panya anapiga meno ya ng'ombe kama marimba na kuwavuta wengine ili watoe milio. Tangu mwanzo, basi, katuni yenye sauti ilijengwa juu ya mwili wa mnyama unaopigwa. Inachekesha, na ufundi wake ni mkubwa. Bado nadhani sisi tunaotoka kwenye utamaduni wa wafugaji, ambako ng'ombe ana jina na anaimbiwa wimbo wake, tunayo njia nyingine ya kuanzia.

Njia hiyo naijua mahali ilipo. Ipo Chamwino, ipo Bahi, ipo Mpwapwa. Muziki wa Kigogo ulitembea dunia nzima kupitia hayati Hukwe Zawose, aliyetoka mkoa huu, akafundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Hadi leo Chamwino kunafanyika tamasha la muziki wa Cigogo, na wanawake wanapiga ngoma ya muheme kwa namna ambayo huwezi kuisikia kwingine. Ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, ina tundu kwenye ubao wake, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando uliotolewa kwenye kiota cha buibui. Ulimi wa chuma unapopigwa, utando unatetemeka na kutoa mvumo mwembamba unaoambatana na kila noti. Niliwahi kukaa na mzee mpigaji na kijana fundi sauti aliyekuja kumrekodi kwa ajili ya katuni. Kijana alisikiliza kwenye vipokea sauti vya masikioni, akakunja uso, akafungua programu ya kuondoa kelele na kuufuta ule mvumo wote. Akampa mzee asikilize. Mzee akavivaa, akanyamaza kidogo, akavivua. “Mwanangu,” akamwambia, “umeondoa sauti, umeacha chuma.”

Kijana hakuwa na kosa. Alifanya alichofundishwa, na alifundishwa programu iliyotengenezwa na watu wanaohesabu mvumo kuwa uchafu. Tatizo lina upande wa pili. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik wa Austria ameandika kwamba mfumo wa sauti za Kigogo umejengwa juu ya sauti za asili zinazopatikana ndani ya uzi mmoja unaopigwa. Sauti hizo hazilingani na vitufe vya kinanda. Ukiziingiza kwenye programu inayonyoosha noti ziendane na kinanda, unapata wimbo safi usiokuwa wa mtu yeyote. Wanafunzi wa uhuishaji wanahitaji kulijua hilo kabla ya kubonyeza kitufe. Ndiyo maana nasema elimu ya programu peke yake haitoshi.

Wakikosa sauti za nyumbani, vijana wetu wananunua au kupakua sauti zilizo tayari mtandaoni. Mwenye sikio anazitambua mara moja. Kwa miaka mingi Hollywood ilitumia mlio wa kookaburra, ndege wa Australia, kama sauti ya msitu wa Afrika, na watazamaji wa dunia nzima wakaamini hivyo ndivyo Afrika inavyolia. Nimesikia katuni ya Kitanzania yenye mibuyu na vumbi jekundu la kwetu, na juu ya mibuyu hiyo analia ndege wa Ulaya. Kanga yuko wapi? Hondohondo yuko wapi? Njiwa wa saa nane mchana, wakati wa jua kali, ambaye kila mtoto wa Dodoma amelala usingizi akimsikia?

Msidhani hili ni dogo. Desemba 2023, Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu ule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Walilinganisha vilima vya Kidero hapa Tanzania, ambako Wahadzabe humwita kwa mluzi, na Niassa kule Msumbiji, ambako Wayao humwita kwa mrindimo unaoishia na mguno. Ndege wa Kidero walishirikiana na mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyoshirikiana na mwito wa Wayao. Kumbe mawasiliano ya mtu na mnyama nayo yana lahaja, na lahaja hiyo inajulikana na pande zote mbili. Katuni nzima inaweza kujengwa juu ya habari hiyo: mvulana, ndege, na mluzi ambao lazima aujifunze kwa babu. Ukiiweka na mluzi wowote uliopakuliwa, hadithi imekufa.

Watu husema michoro ya miambani ya Kondoa ni katuni za kwanza. Sipendi sana maneno hayo, kwa kuwa hatujui wachoraji walikusudia nini, na kuwaita wachora katuni ni kuwavalisha kazi yetu. Ila ninalolijua ni hili: kule Kolo na jirani zake, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna twiga, tembo na swala waliochorwa na mikono iliyowaangalia wanyama kwa makini, na mwaka 1951 Mary Leakey alinakili sehemu ya michoro hiyo. Wasandawe, ambao watafiti wengi wanawahusisha na sehemu ya michoro hiyo, wana lugha yenye sauti za kidoko na wana ngoma ya simbo ambamo mchezaji huingia katika hali ya simba. Hapo mtu anakuwa mnyama kwa mwili na kwa sauti kwa pamoja. Mwanafunzi wa uhuishaji anayesoma umbali wa safari ya saa chache kutoka Kolo anastahili kupelekwa huko, akiwa na daftari la kuchorea na kinasa sauti.

Waafrika wenzetu hawakusubiri. Moustapha Alassane wa Niger, mwaka 1966, alitengeneza Bon voyage, Sim, katuni kuhusu rais wa nchi ya vyura anayekwenda ziara rasmi. Vyura wake walisema juu ya itifaki na madaraka mambo ambayo filamu ya watu ingeyasema kwa shida. Na sisi? Mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ulizaa Tinga Tinga Tales, katuni za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa ajili ya televisheni ya watoto ya BBC, zikaanza kuonyeshwa mwaka 2010, zikisema Kiingereza. Nawapongeza majirani zetu kwa kazi nzuri. Picha ilitoka kwetu, sauti haikutoka kwetu. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, imethibitisha kwamba katuni ya Kiswahili iliyotengenezwa Dar es Salaam inaweza kupendwa na watoto na kuvuka mipaka. Msingi upo. Ninachoomba ni kanda ya kati nayo isikike.

Kwa hiyo naomba hivi. Chuo Kikuu cha Dodoma, tangu kilipoanzishwa mwaka 2007, kimekusanya mahali pamoja wanafunzi wa teknolojia na uhuishaji na wanafunzi wa Kiswahili na fasihi. Wakae darasa moja, hata kwa muhula mmoja tu. Wasome nadharia ya sauti, wasome wanyama katika ngano, wasikilize fisi halisi na wasikilize zeze halisi, kisha watengeneze filamu fupi pamoja. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo itume walimu wa muziki. TBC ifungue kwa wanafunzi hazina ya kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambamo ngoma za mikoa yote zilirekodiwa na watu wazima leo wanazikumbuka kwa majina. Na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unapompa mtayarishaji wa katuni mkopo au ruzuku, umuulize kwenye fomu: bajeti ya sauti ni kiasi gani, nani atasema, muziki ni wa nani? Mtayarishaji asiye na jibu arudi akajipange.

Lipo pia suala la hifadhi ya sauti za kanda hii, yaani milio ya wanyama na ndege, vyombo vya muziki, wasimulizi, masoko, mvua ya kwanza kwenye bati. Irekodiwe vizuri, iwekwe mahali pamoja, na wanafunzi waitumie bila gharama. Vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo na wazee bado wapo, ingawa kwa wazee hatuna muda mrefu.

Nimeacha la malipo mwisho kwa sababu ndilo ninaloliogopa zaidi. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo Mbube, yaani simba, Johannesburg mwaka 1939. Aliuza haki zake kwa shilingi chache na akafa maskini mwaka 1962. Wimbo huo, ukiwa umebadilishwa jina na maneno, ulizunguka dunia ukaishia ndani ya The Lion King. Familia yake ililazimika kwenda mahakamani, na ni mwaka 2006 tu ndipo mapatano yalipofikiwa. Mnyama wa katuni alikuwa ameimba kwa miaka 12 kwa sauti ambayo wenyewe hawakulipwa inavyostahili.

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inagusa pia sanaa za jadi. Itumike kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Mkataba wa kumrekodi mpiga ilimba au mama wa muheme uandikwe kwa Kiswahili chepesi, usomwe kwa sauti mbele yake na mbele ya ndugu zake, kwa Kigogo pale inapohitajika, na nakala abaki nayo. Utaje kiasi cha siku ya kurekodi na kiasi kitakachofuata filamu ikiuzwa nje. Jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu sawasawa na jina la mchoraji, pamoja na kijiji chake. Ofisi ya Hakimiliki iandae mfano mmoja wa mkataba huo, iutangaze, na kila anayeomba fedha za umma kwa ajili ya katuni auambatanishe ukiwa umesainiwa.

Nimewaandikia hadharani, nami naomba mnijibu hadharani, ili walimu, wahuishaji na wapigaji wa hapa Dodoma wayasome majibu yenu pamoja nami.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fasihi simulizi,
Dodoma